Asali ya Kwedizinga na Kichupa cha Salome

Nawaonea wivu, wanangu, na ni afadhali mlijue hilo tangu mwanzo. Mnaingia maabara asubuhi, mnaweka sampuli kwenye kichupa kinachoenea kiganjani, mnatia kiyeyusho kiduchu kama dawa ya kikohozi ya mtoto, mnatikisa, mnazungusha kwenye mashine, mnanyonya tone lenu kwa sindano, basi. Chai haijapoa. Kazi hiyohiyo ilikuwa inanila mimi siku nzima, na jioni mgongo hautaki kunyooka.

Tena aliyeniomba niwaandikie ni Salome, bosi wenu. Alikuja hapa nyumbani Masuguru, akakaa, akanywa uji wa mke wangu, akasema, "Kaka Mhina, watoto hawa hawajawahi kushika faneli hata siku moja. Waandikie ulivyokuwa unafanya." Nikamwambia sina nafasi. Uongo mtupu. Nafasi ninayo tele, nimestaafu, nina kuku wachache na redio. Ila sikutaka aone kwamba nimefurahi kuombwa. Alipotoka tu, mke wangu Zaina akacheka mpaka akashika mlango.

"We mwanaume, wivu wako huo haujastaafu tu?"

Haujastaafu. Ndiyo maana naandika.

Haya, faneli. Ni chombo cha kioo chenye umbo la parachichi, kizibo juu, koki chini. Zipo stoo, kwenye maboksi, nendeni mkazitazame, hazing'ati. Kazi yake ilikuwa hivi. Umeletewa maji ya lambo, au asali, au mahindi yaliyosagwa na kulowekwa, na mtu anataka kujua kama ndani yake kuna dawa ya wadudu. Dawa yenyewe ni kidogo mno, mashine haiwezi kuiona katikati ya sukari na takataka zote zile. Sasa unatia kiyeyusho kisichochanganyika na maji, unatikisa, na ile dawa, kwa kuwa inapenda mafuta kuliko maji, inahama yenyewe. Unasubiri matabaka mawili yajitenge. Unafungua koki, la chini linatoka, la juu linabaki. Halafu unarudia kwa kiyeyusho kipya, kidogo kidogo mara tatu, wala si kingi kwa mkupuo mmoja. Aliyewahi kusuuza nguo yenye sabuni anajua kwa nini.

Kutikisa nako kuna adabu yake. Kizibo unakishika kwa kiganja, chombo unakipindua, unatikisa taratibu, kisha unafungua koki hewa itoke, fyuu! Usipoitoa, kizibo kitaondoka. Changu kiliondoka. Juu ya meza ya mizani kuna alama kwenye dari, mmeshaiona nadhani, mkadhani ni mvua. Na ule mdomo wa koki usimwelekezee mwenzio. Wiki yangu ya kwanza nilimpulizia hewa ya kiyeyusho usoni mkuu wetu, Mzee Singano, akabaki amefumba macho kwa muda, halafu akasema, "Mhina, ukuta upo pale."

Mzee Singano ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua. Mshambaa wa milimani, mwembamba, koti lake jeupe limepigwa pasi hata siku umeme hakuna, sijui alikuwa anafanyaje. Hakuwa mtu wa maneno. Ukikosea anasema "Hm." Ukipatia pia anasema "Hm." Nilikaa naye miaka nikijaribu kutofautisha "Hm" hizo mbili, na mpaka leo sijaweza.

Alinifundisha jambo moja ambalo na ninyi mlichukue, hata na vichupa vyenu hivyo: usimwage tabaka lolote mpaka kazi imekwisha. Tulizoea kiyeyusho kinachoitwa heksani, na heksani inaelea juu ya maji. Mwezi mmoja ikakosekana, tukaletewa kiyeyusho kingine kizito, chenyewe kinazama chini. Mimi na mazoea yangu nikafungua koki, nikamwaga la chini kwenye ndoo ya taka, nikabaki nimekumbatia maji matupu ya lambo kwa heshima zote. Mzee akaja, akatia tone la maji juu. Tone likapotelea humohumo, maana maji yamekutana na maji. "Hm," akasema. Hiyo nadhani ilikuwa ile ya kukosea.

Sasa tufike kwa Salome.

Alikuja kazini akiwa binti mdogo, mjukuu wa mkata mkonge aliyetoka kusini zamani akabaki huku. Anacheka na kila mtu. Wiki ya kwanza, wanangu, ya kwanza! Mzee Singano akasimama nyuma yake, akamwangalia anavyogeuza faneli, akasema, "Mkono mzuri huu."

Nilikuwa napima chumvi. Niliposikia yale maneno chumvi ikamwagika mezani. Mkono mzuri huu! Mimi nilikuwa na mikono miwili mle ndani kwa miaka na hakuna aliyeiona. Niliumia, wala sitafuti neno zuri la kulifunika hilo. Nikaenda nyumbani nikamwambia Zaina, Zaina akasema, "Si amesifia mkono, hajasema akuondoe." Wanawake wanaweza kukuambia jambo la kweli likakuuma vilevile.

Kwa hiyo makosa ya Salome nayakumbuka kama Fatiha. Kuna wiki ambayo kila sampuli yake ilitoka na mafuta. Maji ya kisima yana mafuta, asali ina mafuta, hata sampuli tupu, ile ya maji safi tunayoitengeneza ili kujipima wenyewe, nayo ina mafuta. Tulihangaika, tukaosha vioo, tukabadilisha pamba. Kumbe bibie anajipaka losheni mikononi kila baada ya kunawa! Nilitembea maabara nzima nikipiga mluzi. Yeye akacheka kuliko sisi wote, akaiacha losheni nyumbani, na mikono ikamkauka ikawa kama ya mkulima. Hata kukosea alikosea vizuri. Utamfanya nini mtu wa namna hiyo?

Halafu akaenda Dar kwa mafunzo, akarudi na kichupa.

Alikiweka mezani mbele yetu. Asali kijiko kimoja badala ya bakuli, heksani ya kuhesabu kwa matone badala ya chupa nzima, chumvi, tikisa, zungusha. "Mzee," akasema, "kiyeyusho tunachokipata kwa shida, na harufu inayotuumiza kichwa kila jioni, vyote vinapungua. Na majibu ni yaleyale."

"Asali kijiko kimoja itakwambia nini?" nikauliza. "Utapima kijiko useme umepima mzinga?"

"Ukiichanganya vizuri kabla, ndiyo, kaka."

Lile "kaka" lilinichoma. Mzee Singano akakigeuzageuza kile kichupa kwenye mwanga, akaniangalia mimi, akamwangalia Salome. Akasema hatabadilisha njia kwa maneno. Italetwa sampuli ya kweli, kila mmoja aifanye kwa njia yake. Kichupa kikisema kweli, faneli zinaingia stoo na meza yangu inakuwa ya Salome. Mimi nitahamia dirishani, kupokea sampuli. Dirishani! Pale watu wanapoleta maji kwenye chupa ya soda na kukuuliza choo kiko wapi.

Meza ile ilikuwa ndiyo mimi, wanangu. Sikuwa na kingine cha kujivunia hapa Korogwe.

Sampuli ya kweli ililetwa na akina mama wa Kwedizinga. Walikuwa na kikundi cha ufugaji nyuki, mwenyekiti wao Mama Mwajuma, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Walipata mnunuzi Tanga aliyetaka cheti cha maabara kwanza. Mama Mwajuma alikuja mwenyewe na asali kwenye chupa za kioo, zimeoshwa zinang'aa, akatuambia mizinga yao ipo msituni, mbali na mashamba, hakuna mtu anayepiga dawa huko. "Asali yetu hata mtoto mchanga analamba," alisema. Kichanga hakipewi asali, lakini tulimwelewa.

Tukaigawa. Salome na kichupa chake, mimi na faneli yangu.

Asali ni mbaya kwenye faneli. Ina nta, ina chavua, ukiitikisa kwa nguvu inajenga utando mzito katikati, si maji si kiyeyusho, umekaa tu unakutazama. Dawa yake ni chumvi na subira. Unatia chumvi, unazungusha chombo kama unamtuliza mtoto, unakiacha. Mimi siku ile nilikuwa na haraka ya kumshinda mtu, nikatikisa kama ninayetwanga. Utando ukajaa nusu ya faneli. Salome alikuwa ameshamaliza, ameosha vyombo, anakula karanga mlangoni.

"Kaka, nikusaidie?"

"Nisaidie kutonisemesha."

Kesho yake ndipo nikapata jibu langu. Lililingana na lake. Kulikuwa na dawa ya wadudu kwenye asali ya Kwedizinga, tena si kwa kubahatisha. Na sampuli zetu tupu zilikuwa safi, zake na zangu, kwa hiyo uchafu haukutoka kwetu.

Mzee Singano alipompigia Mama Mwajuma simu, sauti ya yule mama tuliisikia sote bila spika. "Wallahi hatupigi dawa! Wallahi!" Mnunuzi naye akasema lake: kama nyuki wanakula kwenye mashamba yaliyopigwa dawa, kikundi kile hataki kukisikia tena maisha. Kama ni kosa la mkono tu, walirekebishe, atawapokea msimu ujao. Wale akina mama walikuwa wamekaa na ile biashara kwenye maombi yao kwa muda mrefu. Basi ikabidi mtu aende Kwedizinga akaone asali inavyotoka kwenye mzinga mpaka chupani. Mzee akatutuma wote wawili. Nadhani alifanya makusudi.

Msimu ulikuwa umekwisha. Ulibaki mzinga mmoja haujavunwa, na Salome alipiga simu kabla, wauvune jioni, masega yasikamuliwe, yakae kwenye bakuli la kioo lenye kifuniko. Tulishuka Kabuku, tukachukua pikipiki. Sanduku la vyombo nililibeba mimi, kwa sababu nilitaka angalau kuwa na kitu mkononi. Tulipofika, Salome ndiye aliyeamkia, ndiye aliyeulizwa habari za safari, ndiye aliyewekewa kiti chenye mto. Wakamwita mwalimu. Mimi nilipewa kiti pia, sisemi sikupewa.

"Tuonyeshe, mama," Salome akasema. "Kama vile sisi hatupo."

Mama Mwajuma akatuonyesha. Ndoo, safi. Kisu, kisafi. Chupa zimechemshwa. Halafu akaelekea kwenye kamba ya nguo.

Sasa sikilizeni. Nililiona kabla yake. Narudia, maana hili halijawahi kuandikwa popote: mimi Mhina nililiona kabla ya Salome. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini nilikuwa nimenuna tangu Segera, na mdomo ulionuna unachelewa kufunguka, na Salome akaniwahi.

"Mama, mnachujia chandarua?"

"Chandarua kipya kabisa, mwalimu," Mama Mwajuma akasema, anakifungua kwa fahari. "Wengine wanachujia vitambaa vya zamani. Sisi tulisema hapana, hii ni asali ya cheti. Tulipogawiwa vyandarua, kimoja tukakiweka kwa ajili ya asali tu. Hakijalaliwa hata siku moja."

Kipya. Kimetoka pakitini na dawa yake yote ya kuua mbu. Asali ya moto wa jua inapita mle taratibu, inakisuuza uzi kwa uzi. Walikuwa wamechagua kitu kisafi kuliko vyote nyumbani, na hicho ndicho kilichowatia uchafu. Salome alivyomweleza, yule mama alikaa chini palepale kwenye mchanga. "Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Aliyewaponza wenzangu ni mimi." Wale wanawake wengine wakaja kumshika.

Salome akachuchumaa naye. Akamwambia bado halijathibitika. Ili mnunuzi aamini, lazima asali ya kwenye sega, ambayo haijapita popote, ionekane safi. Bakuli likaletwa. Masega mawili, nyuki walikuwa wameshaanza kuhama, asali yake ni vijiko vichache tu. Salome akanitazama mimi. Tulijua wote. Kwa faneli yangu ile asali ilikuwa haifiki hata kwa kuanzia. Kwa kichupa ilikuwa inatosha na kubaki.

Akajaza vichupa, akafunika kwa karatasi ya alumini, akavisimamisha kwenye sanduku. Kisha akakata kipande cha chandarua ili nacho kipimwe, akakifunga alumini mara mbili, akanipa mimi. "Hiki kikae kwako kabisa, kaka, mfuko wa koti. Kisikaribiane na asali." Hapo alikuwa sahihi, na ninyi mshike: chafu na safi havisafiri mfuko mmoja.

Tukapanda basi Kabuku. Karibu na Segera simu yake ikalia. Mama yake amelazwa Tanga, hali si nzuri. Njia panda Segera akashuka. Mimi nilikuwa naendelea Korogwe. Akaniwekea sanduku mapajani, macho yamejaa machozi, akasema, "Kaka Mhina, naviacha kwako." Basi likaondoka. Wala hakuniambia niwe mwangalifu.

Hapa ndipo nataka mnisome polepole, na wewe Salome kama unapitia barua hii kabla ya kuwapa vijana, usiruke.

Nilikuwa na asali mapajani na chandarua kifuani. Kufungua alumini, kukigusa kile kitambaa kwa kidole, kugusa mdomo wa kila kichupa. Kazi ya sekunde. Hakuna ambaye angeona, jirani yangu alikuwa analala mdomo wazi. Mashine ingesema chafu. Mzee Singano angesema, "Hm," kichupa kimedanganya, kijiko kimoja hakitoshi kupima mzinga, turudi kwenye faneli. Na mimi ningerudi kwenye meza yangu.

Mnataka niseme nilimfikiria Mungu? Sikumfikiria Mungu. Nilifikiria "mkono mzuri huu". Nilifikiria kiti chenye mto. Nilimchukia yule dada kwa moyo wote, na mama yake yuko hospitali. Mkono ulikwenda mfukoni. Niliigusa ile alumini, nikaisikia inavyochakarika.

Lakini nilikuwa nimemwona Mama Mwajuma amekaa mchangani. Ningeweza kumfanyia ubaya Salome, sitawadanganya. Yule mama ndiye aliyenizuia. Nikivigusa vichupa vile, yeye atakaa pale chini siku zote, akiamini nyuki wake wana sumu, na hakuna atakayemwambia tofauti.

Nikatoa mkono mfukoni. Nikavua koti lote na chandarua chake, nikamwomba kondakta aliweke mbele kabisa, juu ya injini. Akaniuliza, "Mzee, kuna joto sana?" Nikasema kuna joto. Mikono nikaifuta kwa leso, nikalishika sanduku kwa pembeni, sikugusa mfuniko. Barabara ile na matuta yake, kila tuta nilinyanyuka kidogo kwenye kiti ili vichupa visitikisike. Miguu ilikufa ganzi. Watu walinitazama kama nimebeba mayai ya mbuni.

Nilivifikisha. Mzee Singano akanipokea mlangoni. "Njiani salama?"

"Salama, mzee."

"Hm," akasema.

Salome aliporudi, mama yake amepata nafuu, alivifanyia kazi yeye mwenyewe. Asali ya sega: safi kabisa. Chandarua: dawa ileile iliyokuwa kwenye chupa za kwanza, haina shaka. Mzee akampigia Mama Mwajuma, na mara hii zilisikika vigelegele tu, mpaka akaweka simu mezani akaiacha ilie yenyewe. Watachujia chujio la chuma, mnunuzi atawapokea. Maabara nzima ilimpigia Salome makofi. Na mimi nilipiga. Mikono iliniuma kwa kupiga.

Mwezi uliofuata nikafunga faneli zangu kwa magazeti, moja moja, nikazipeleka stoo mwenyewe. Nisingekubali mtu mwingine azishike. Halafu nikahamia dirishani.

Mnajua kinachoniuma? Si meza. Meza nimeshaizoea kuikosa. Kinachoniuma ni kwamba katika kazi yangu yote, kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote ni ile ya kutoka Segera mpaka Korogwe, na hakuna aliyeiona. Kichupa kilichofika salama hakina hadithi. Salome angeimwaga ile asali, angepewa pole na kila mtu. Mimi sikuimwaga, nikaulizwa njiani salama. Wivu wenyewe haukuniacha hata baada ya hapo, kama mnadhani mtu akitenda jema moyo unatulia. Moyo wangu haukutulia. Nilimwona kila siku kwenye ile meza kupitia kioo cha dirisha langu, anatikisa kichupa huku anaimba, na kila siku ilinichoma.

Msimu uliofuata, asubuhi moja, nikasikia sauti ya ng'ambo ya bonde pale nje. Mama Mwajuma, na wenzake wawili, kanga mpya. Wameleta sampuli ya cheti, kwenye chupa ya kioo, na pembeni chupa nyingine kubwa ya asali imefungwa utepe.

"Shikamoo baba," akasema mmoja mdogo wao.

"Marahaba. Karibuni."

"Hii ya kupima," Mama Mwajuma akasema, akaisukuma chini ya kioo. "Na hii ni ya mwalimu Salome, zawadi, mkononi kwake. Yupo?"

"Yupo."

"Mungu amzidishie. Yule binti alituokoa." Akanitazama vizuri, akainama kidogo chini ya kivuli cha dirisha. Uso ukamchangamka. "Aa! Si wewe yule baba aliyembebea sanduku?"

Wenzake wakacheka kwa furaha ya kunikumbuka. Nyuma yangu nilimsikia Salome anaimba. Nilikuwa na maneno mengi sana, wanangu, yamepanga foleni mpaka kwenye meno.

"Ndiye mimi, mama," nikasema. "Mimi ndiye niliyebeba."

Nikaichukua ile chupa yenye utepe, nikageuka nikamwita Salome, nikamwambia ana wageni.